TAKA HII NI YA NANI?

Kampuni, plastiki ya kutumia mara moja, na mitaro yetu ya Junda



Huku Kisauni siku ya kufanya usafi si jambo geni. Kina mama hutoka na fagio, vijana huingia mtaroni na sepetu na reki, wazee hupanga zamu. Ikifika adhuhuri kuna rundo kubwa kando ya barabara likingojea lori la kaunti. Kisha mvua moja tu yanyesha, na mtaro wajaa tena vile vile. Hapo maneno huanza: "Watu wa Junda hawana ustaarabu." "Vijana wa siku hizi wachafu." Twalaumiana majirani kwa majirani, mpaka wengine wanakata tamaa na kuacha kuja.

Ni kweli kila mtu ana sehemu yake. Anayetupa chupa mtaroni amekosea, hata kama ni mwenzetu. Lakini makala haya yanataka tuulize swali ambalo mara nyingi halisemwi mikutanoni: huyu aliyeiagiza ile chupa, akaijaza, akaiuza na kupata faida, wajibu wake ni upi? Na sheria ya Kenya inasema nini juu yake?

Msidhani ni swali la wasomi peke yao. Jibu lake lagusa mfuko wa kikundi chenu.

LAKINI KWA NINI?

Wengi wenu mnaijua ile njia ya kuuliza "lakini kwa nini?" tunayoitumia katika semina. Hebu tuitumie hapa.

Mtaro umeziba. Kwa nini? Kwa sababu umejaa chupa, vifuniko na pakiti za plastiki.

Lakini kwa nini zimo mtaroni? Kwa sababu watu wamezitupa, na nyingine zimeletwa na upepo na maji.

Lakini kwa nini watu wazitupe? Kwa sababu vichochoro vingi havina pipa, na lori halipiti.

Lakini kwa nini taka ni nyingi namna hii, na karibu yote ni plastiki? Kwa sababu vitu tulivyokuwa tukipimiwa dukani sasa vyauzwa vimefungwa tayari, kimoja kimoja.

Na nani aliyeamua vifungwe hivyo? Si mimi, si wewe, si mwenye duka. Uamuzi huo ulifanywa katika ofisi ya kampuni, na watu waliopiga hesabu zao wakaona plastiki ya kutumia mara moja ni rahisi kwao.

Mnaona? Swali la kwanza na la pili lilituleta kwa jirani. La tatu lilituleta kwa kaunti. La mwisho limetufikisha kwa kampuni. Ukiacha kuuliza mapema, utamlaumu jirani peke yake, na wale wengine wawili watabaki wametulia.

ZAMANI TULIPIMIWA

Sisi tuliokua miaka ya themanini twakumbuka. Ulitumwa dukani na chupa yako ukapimiwa mafuta ya taa au mafuta ya kula. Soda ilikuwa ya chupa ya gilasi. Ukitaka kuondoka nayo, uliacha chupa tupu au uliweka pesa za chupa, na ukirudisha chupa ulirudishiwa pesa zako. Je, mliwahi kuona chupa ya soda ya gilasi imezagaa mtaroni? Ni nadra. Mtoto akiiona aliikimbilia, kwa sababu ilikuwa pesa. Kampuni nayo iliitaka irudi, kwa sababu chupa ilikuwa mali yake. Ilituma lori lililoleta kreti zilizojaa na kuondoka na kreti tupu.

Hapa pana somo kubwa. Watu walewale, mitaa ileile, mitaro ileile, lakini chupa haikuzagaa. Kwa hivyo haikuwa tabia ya watu tu. Ilikuwa ni mpango wa biashara: kampuni ilikuwa na sababu ya kuitaka chupa irudi.

Ilipokuja chupa ya plastiki, kampuni iliondokewa na mzigo wa kukusanya, kuosha na kusafirisha chupa tupu. Mzigo huo haukupotea. Ulihamia kwetu. Sasa twaulipia mara tatu: kwanza dukani, kwa kuwa bei ya chupa imo ndani ya bei ya soda, pili kwa kodi na ada za kuzoa taka, tatu kwa jasho letu la bure siku ya usafi, pamoja na mbu na mafuriko mtaro unapoziba.

Kisha kuna zile pakiti ndogondogo, mambo ya "kadogo": sabuni ya kufulia ya siku moja, majani ya chai ya birika moja, mafuta ya nywele ya kupaka mara mbili. Mwenye kipato cha kila siku hununua kadogo kwa sababu hana pesa za kubwa. Hatumlaumu. Lakini tuhesabu: badala ya mkebe mmoja kwa mwezi, nyumba hiyo hutoa pakiti thelathini.

PLASTIKI ZOTE SI MOJA

Kabla ya kuzungumza sheria, yafaa kujua tunachokishika mikononi. Angalia chini ya chupa au mtungi. Mara nyingi utaona pembetatu ndogo yenye nambari ndani.

Nambari 1 ni ile plastiki nyepesi inayoonyesha ndani, ya chupa za maji na soda. Ina wanunuzi, hasa ikiwa haina rangi.

Nambari 2 ni ngumu zaidi: mitungi ya mafuta, chupa za dawa ya kufulia, vifuniko vingine. Nayo ina wanunuzi.

Nambari 5 ni ya ndoo, mabeseni, vikopo vya siagi na vya mtindi. Hutegemea mnunuzi wa mahali.

Nambari 6 ile nyeupe ya povu, ya kubebea chakula, ni vigumu kupata anayeitaka.

Pakiti za krispi, biskuti na sabuni zenye mng'ao wa fedha kwa ndani zimetengenezwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja. Kuzitenganisha ni kazi ngumu na ghali, kwa hivyo kwa kawaida hakuna anayezinunua.

Sasa basi, kampuni ikichagua pakiti ya tabaka badala ya chupa ya nambari 1, imechagua pia kwamba kijana wa kuokota skrapu wa Junda hatapata hata senti kwa pakiti hiyo. Ataiacha palepale. Mvua itaipeleka kwenye hori ya Tudor, na huko itanasa katika mizizi ya mikoko. Miti kama mchu hupumua kwa vile vimizizi vinavyochomoza matopeni. Plastiki ikivifunika, mti hudhoofika. Na mikoko ikiharibika, wa kwanza kuumia ni mvuvi, kwa sababu humo ndimo samaki wadogo na kamba hukulia.

Duniani kote mambo ni yayo hayo. Watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa mpaka mwaka 2015 walipata kwamba katika plastiki iliyogeuka taka, ni karibu asilimia 9 tu iliyotengenezwa upya. Asilimia 12 ilichomwa. Iliyobaki, asilimia 79, iko majaani, ardhini na baharini.

SHERIA YA 2017: ILIFANYA NINI, ILIACHA NINI

Mwezi wa Agosti tarehe 28, mwaka 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilikuwa imejaribu mwaka 2007 na 2011 bila kufaulu. Safari hii adhabu ilikuwa kali: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Chama cha wenye viwanda, KAM, kilionya kwamba viwanda 176 vingefungwa na watu 60,000 wangepoteza kazi. Serikali ilishikilia msimamo wake. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Tanzania bara ikafuata Juni 2019.

Sote twakubali ile mifuko ya juala ilipungua sana, miti na nyaya zikapumua. Lakini kumbukeni: marufuku ile haikugusa plastiki ambayo kiwanda kinafungia bidhaa yake. Ndiyo maana mkate, maziwa, krispi na sabuni bado vimo ndani ya plastiki. Mama wa mboga akikutwa na mfuko alikuwa mashakani, lakini pakiti ya kiwandani ilipita mbele yake bila kuulizwa.

Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vilipigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Ni jambo jema. Lakini Junda si mbuga. Hapa ilihitajika sheria ya namna nyingine.

WAJIBU WA MZALISHAJI

Sheria hiyo ya namna nyingine ina wazo moja rahisi: anayeingiza bidhaa sokoni awajibike kwa taka ya bidhaa hiyo mpaka mwisho wake. Wajibu wake hauishi pale unapolipa pesa dukani. Wazo hili lilipewa jina na msomi wa Sweden, Thomas Lindhqvist, mwaka 1990. Ujerumani ililifanya sheria kwa vifungashio mwaka 1991. Tangu 2003 huko Ujerumani, ukinunua kinywaji katika chupa ya plastiki, kwa nyingi unaweka senti 25 za yuro na kurudishiwa unapoirudisha chupa. Ni ile hekima yetu ya chupa ya soda, imerudi kwa mlango mwingine. Afrika Kusini ilifanya wajibu huu kuwa wa lazima mwaka 2021.

Kenya ilianza kwa hiari. Mwaka 2018, baada ya serikali kusema huenda chupa za plastiki nazo zitapigwa marufuku, kampuni kadhaa za vinywaji zilijiunga na shirika lililoitwa PETCO. Zilichanga, na michango ikatumika kusaidia wanaokusanya na kusaga chupa za nambari 1. Ilikuwa hatua, lakini asiyetaka kujiunga hakulazimishwa, na pakiti za tabaka hazikuguswa.

Mwezi wa Julai 2022 ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Kifungu cha 13 chasema kila mzalishaji ana wajibu wa lazima kwa uchafuzi unaotokana na bidhaa anazoingiza katika soko la Kenya. Anaweza kutimiza wajibu huo peke yake, au kwa kujiunga na wenzake katika shirika la pamoja ambalo wanachama hulichangia. Mwezi wa Novemba 2024 zikachapishwa kanuni za kutekeleza kifungu hicho. Msimamizi ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya kitaifa.

Angalieni neno "mzalishaji". Si mwenye kiwanda peke yake. Anayeingiza bidhaa kutoka nje kupitia bandari yetu ya Kilindini naye yumo.

Sheria hiyohiyo yaitaka kila kaunti iweke vituo vya kuchambulia taka, na yatutaka sisi wananchi na taasisi tutenganishe taka inayooza na isiyooza. Kwa hivyo sheria haikutuacha nje. Kila mmoja amepewa sehemu yake: mwananchi atenganishe, kaunti ikusanye na kuchambua, kampuni igharamie. Kwa muda mrefu sehemu ya kwanza imehubiriwa sana, ya pili kidogo, na ya tatu karibu haikutajwa.

KAMPUNI HUSEMAJE?

Tuwe watu wa haki, tusikilize na upande wao.

Wa kwanza husema: "Chupa haijitupi yenyewe. Mtu ndiye huitupa." Ni kweli nusu. Mwaka 2024 jarida la Science Advances lilitoa utafiti uliofanywa na watu wa kujitolea katika nchi 84 kwa miaka mitano, kuanzia 2018 hadi 2022. Waliokota na kuhesabu vipande zaidi ya milioni 1.8. Zaidi ya nusu havikuwa na jina lolote la kusomeka. Katika vile vyenye jina, kampuni 56 tu zilihusika na zaidi ya nusu. Coca-Cola peke yake ilikuwa na asilimia 11. Tena utafiti ulionyesha kwamba kampuni inapoongeza utengenezaji wa plastiki kwa asilimia moja, taka yenye jina lake huongezeka kwa kiasi hichohicho. Nchi 84 zina watu wa tabia tofauti tofauti, lakini majina yaliyookotwa ni yaleyale.

Wa pili husema: "Mkitubana, bei itapanda na maskini ataumia." Hoja hii tuipime vizuri. Gharama tayari ipo, na maskini ndiye anayeilipa, kwa mafuriko na kwa homa. Tofauti ni kwamba haiandikwi kwenye risiti. Kampuni ikilipia taka yake, itakuwa na sababu ya kupunguza plastiki, kama ilivyokuwa na sababu ya kuitaka chupa ya gilasi.

Wa tatu husema: "Sisi twawaunga mkono. Twaleta fulana na glavu siku ya usafi." Tunashukuru. Lakini fulana si malipo ya wajibu. Siku ya usafi wapiga picha huja, bango hutundikwa, watu mia hufanya kazi asubuhi nzima. Jumatatu, lori la kampuni hiyohiyo laleta sokoni chupa nyingi kuliko zile tulizookota.

Wa nne husema: "Tutaifanya plastiki kuwa kitu kipya." Ni jambo zuri. Huko Lamu mwaka 2018 mafundi walizindua jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa kwa tani 10 za plastiki iliyokusanywa pamoja na ndara zilizotupwa, na mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Ni fahari ya pwani yetu. Lakini hata wenyewe huhimiza kwamba plastiki ya kutumia mara moja ipunguzwe. Bomba likiwa limepasuka, hatuanzi kwa kupiga deki sakafu. Twafunga bomba kwanza.

Wakubwa wa dunia nao wanavutana juu ya jambo hilihili. Machi 2022, jijini Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Mikutano ya Busan mwaka 2024 na Geneva mwezi wa Agosti 2025 ilimalizika bila makubaliano, na jambo moja lililowagawanya ni kama utengenezaji wenyewe upunguzwe au la. Kwa hivyo tusingoje mkataba. Sheria ya kwetu tayari tunayo.

SOMO LA OWINO UHURU

Kuna atakayeuliza: "Sisi watu wadogo, kampuni itatusikiliza?" Ndugu, tusiende mbali. Tutazame ng'ambo ya hori, Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi hapo mwaka 2007, na sumu ya risasi ikaingia katika damu za watu, watoto wakiwamo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakaazi, pamoja na Bi. Phyllis Omido na shirika lake, hawakunyamaza. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Plastiki si risasi, na mtaro si kiwanda. Lakini somo ni moja. Watu wa kijiji, wakiwa na kumbukumbu zao na umoja wao, walisimama mbele ya mwenye kiwanda na mbele ya idara za serikali, na mahakama ikawasikiliza. Ilichukua miaka mingi, na wengine walikufa wakingoja. Hatusemi ni rahisi. Twasema inawezekana.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani juu ya haki hiyo, hata bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, hata zilizo mikononi mwa kampuni, ikiwa anazihitaji ili kulinda haki yake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Jisajilini. Kikundi kisichosajiliwa hakina mdomo ofisini. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mjisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa na kaunti, na benki, na shirika lolote la wazalishaji.

2. Pimeni na mwandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni mizani. Kila siku ya usafi andikeni tarehe, mahali, kilo za nambari 1, kilo za nambari 2, na magunia ya zile zisizo na mnunuzi. Hizi za mwisho ndizo muhimu zaidi, msiziache. Zaonyesha mzigo ambao soko haliulipi.

3. Hesabuni majina. Chagueni sehemu moja ya mtaro, hatua hamsini. Kwa Jumamosi tatu okoteni kila kitu hapo na mkihesabu kwa jina lililoandikwa. Msiongeze chumvi, msipunguze. Visivyosomeka viandikeni "havisomeki". Pigeni picha. Msitangaze jina la kampuni kwa hasira, tangazeni hesabu. Hesabu ya kweli haishtakiki kwa urahisi.

4. Uzeni kwa pamoja. Kilo moja ya chupa za nusu lita ni chupa 50 hadi 100, kutegemea uzito wake. Mtu mmoja na gunia lake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Vikundi vitano vikiweka pamoja, mnunuzi atakuja mwenyewe na gari. Mjue pia kwamba bei hushuka kwa sababu zilizo mbali nasi. Bei ya mafuta ghafi duniani ikianguka, plastiki mpya huwa rahisi, na ile kuukuu hukosa soko. Hapo ndipo mchango wa kampuni unahitajika, ili bei ya mwokotaji isianguke.

5. Wekeni masharti kabla ya usafi wa pamoja. Kampuni ikiwaalika, iulizeni kwa heshima: mtalipia kilo ngapi? Nani atabeba taka mpaka mahali pake? Baada ya siku hii kuna mpango gani wa kila wiki? Mkikubaliana, iandikwe na itiwe sahihi.

6. Ingieni katika bajeti ya kaunti. Kuzoa taka ni kazi ya kaunti kwa Katiba. Taka za Mombasa zamani zilimwagwa Kibarani, kando ya bahari, mpaka jaa lile lilipofungwa mwaka 2018. Siku hizi hupelekwa Mwakirunge, huku huku Kisauni kwetu. Kwa hivyo mikutano ya maoni ya wananchi ikiitwa, nendeni na daftari lenu. Ombeni kituo cha kuchambulia taka katika wadi, na vikundi vipewe kazi humo.

7. Chungeni afya. Glavu na buti ni lazima. Watoto wasitumwe kuokota, kuna sindano na vioo. Na tafadhali tusichome plastiki. Moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliyelala chumba cha jirani.

BARUA YA MFANO

Hii mnaweza kuinakili na kubadilisha mnavyotaka:

"Kwa Mkurugenzi. Sisi ni kikundi kilichosajiliwa cha wadi ya Junda, Kisauni. Katika Jumamosi tatu, kwenye hatua hamsini za mtaro mmoja, tumeokota vifungashio (taja idadi) vyenye jina la bidhaa yenu. Daftari na picha tumeambatanisha. Chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, tunaomba kujua: Je, mmesajiliwa na NEMA kama wazalishaji? Mmejiunga na shirika gani la wajibu wa mzalishaji? Ni nani anayekusanya taka yenu hapa Kisauni, na hulipwa kiasi gani kwa kilo? Je, mna mpango wa kurudisha chupa zinazorejeshwa dukani? Tuko tayari kukutana nanyi. Nakala: NEMA, ofisi ya kaunti ya Mombasa, Idara ya Mazingira, Kaunti ya Mombasa, Mwakilishi wa Wadi."

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua ni kama haikufika. Wasipojibu kwa mwezi mmoja, andikeni tena mkitaja ile ya kwanza, na nakala ya NEMA iwe juu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Jigaweni watu watano watano, kisha mrudi pamoja.

1. Katika nyumba yako, ni vitu gani vilivyokuwa vikipimwa zamani na sasa vyaja na plastiki? Kimoja gani mnaweza kuanza tena kupimiwa katika duka la mtaa?

2. Kina mama wanaouza mabuyu, achari na barafu katika vifuko vidogo wako katikati yetu. Wajibu wao ni sawa na wa kampuni kubwa? Tofauti iko wapi, na tutawasaidiaje kupata njia nyingine?

3. Mwaka uliopita kikundi chetu kilitoa siku ngapi za kazi ya bure kuokota taka? Tukiziwekea bei ya kibarua wa siku moja, ni shilingi ngapi? Nani alifaidika nazo?

4. Nani katika kikundi atashika daftari, nani atashika mizani, na hesabu ya kwanza itafanywa Jumamosi ipi?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la nne kwa majina na tarehe. Hayo matatu ya kwanza yana utamu wa kuzungumza, lakini hilo la nne ndilo litakalofika mezani kwa mkurugenzi.